Iliki ya Amani kwa Oda ya WhatsApp: Tathmini ya Mnunuzi wa Nairobi

Anayenunua viungo kwa simu ananunua kitu asichoweza kukinusa kabla ya kukilipia, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia kulipima duka lolote la viungo la mtandaoni: linamsaidiaje mnunuzi ambaye pua yake iko mbali na gunia? Bei huja baadaye, na upesi wa kufikisha mzigo huja baadaye zaidi. Kazi yangu ni kusaga na kuchanganya masala ya chai na ya pilau katika chumba kidogo cha kazi kule South B, na wateja wangu ni mikahawa ya mjini, wapishi wa harusi na kina mama wanaotaka masala yaliyosagwa wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyeagiza pakiti moja ya kuonja. Riziki yangu inategemea iliki yenye mafuta na pilipili manga iliyokomaa, na kiungo kikichoka, mteja hanung'uniki, anahama tu.

Nimenunua kwa njia tatu. Ya kwanza ni kikundi cha wakulima wa milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani katika wilaya ya Muheza nchini Tanzania, wanaouza iliki, pilipili manga, karafuu na mdalasini kwa WhatsApp na kwa ukurasa wao wa Facebook. Ya pili ni mkulima mmoja wa Kwale anayeuza manjano na pilipili kali kwa video fupi za TikTok. Ya tatu ni soko kubwa la mtandaoni ambamo muuzaji yeyote aliyesajiliwa anaweza kuweka bidhaa zake. Sitataja jina la yeyote kati yao. Wawili wa kwanza ni wafanyabiashara wadogo ambao bado wanajijengea jina, na katika soko lile kubwa wauzaji ni wengi wa tabia tofauti, wala si haki kosa la mmoja liwaangukie wote. Ninachokitathmini ni njia yenyewe: je, mkulima anaweza kumuuzia mtu wa Nairobi viungo kwa simu, na mtu huyo akapata kitu bora kuliko kile anachokipata dukani? Jibu langu ni kwamba anaweza, mradi viungo viwe vizima na sampuli itangulie mzigo.

Mtu wa Nairobi hakosi pa kununua viungo. Kuna Marikiti, kuna Ngara, kuna maduka ya Eastleigh na yale ya Diamond Plaza kule Parklands, na katika sehemu hizo zote mnunuzi anaruhusiwa kuchota kiganjani, kuponda kwa kucha na kunusa. Lakini Kenya inatumia viungo vingi kuliko inavyolima, na sehemu kubwa ya vinavyouzwa hapa vimetoka mbali na kupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye mizani ya muuzaji. Ukimuuliza pilipili manga hii ilichumwa lini, atakutajia siku aliyoletewa gunia, kwa sababu hiyo ndiyo siku anayoijua. Harufu ya kiungo imo katika mafuta yake, na mafuta hayo hupungua kadiri muda unavyopita, hasa pale ambapo hifadhi ni mbaya. Kwa mtu wa kazi yangu, mwezi wa mavuno ni habari yenye thamani kubwa, na habari hiyo sijawahi kuipata dukani. Hilo ndilo lililonipeleka mtandaoni.

Nianze na kikundi cha Amani, kwa kuwa ndicho kinachostahili maneno mengi. Sehemu ile ina historia ndefu ya mimea ya biashara. Wajerumani walianzisha huko bustani na kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Iliki hupenda kivuli na unyevu, nayo milima ile ina vyote viwili. Kikundi kina katalogi ya WhatsApp yenye bidhaa chache, na kila bidhaa imeandikwa kijiji ilikotoka, mwezi iliochumwa, jinsi ilivyokaushwa, na namba ya fungu. Chini ya hapo huandikwa bei ya kilo na, jambo ambalo sijaliona kwa muuzaji mwingine yeyote, kiasi alicholipwa mkulima kwa kilo hiyo. Mnunuzi anaona kwa macho yake ni kiasi gani kinachobaki kwa kikundi kulipia magunia, usafiri na kazi ya kuchambua. Sikuombwa nitokwe na machozi kwa ajili ya mkulima. Nimewekewa hesabu mbele yangu, na hesabu hiyo imenifanya niache kabisa kuomba nipunguziwe.

Adabu yao ya biashara ni ya kupigiwa mfano. Simu ya kikundi hushikwa na binti wa mmoja wa wanachama, lakini swali la ubora likiulizwa, anayejibu ni mwenyekiti mwenyewe, mama mtu mzima, kwa ujumbe wa sauti. Wakati mmoja nilimwandikia, "Shikamoo mama, ile iliki ya fungu la mwezi uliopita bado ipo?" Akanijibu kwa sauti ya utulivu: "Marahaba mwanangu. Imebaki kidogo, lakini ilinyeshewa ikiwa mkekani, tukaianika upya. Nikikupa hiyo nitakuwa nimekukosea. Ningoje, kuna nyingine inakauka." Muuzaji aliye mamia ya kilomita kutoka kwangu, ambaye nisingeweza kumwona wala kumshtaki, alikataa pesa yangu kwa sababu ya mvua ambayo nisingeijua kamwe. Tangu siku hiyo maneno yao kwenye katalogi nayachukua kwa uzito wake.

Hata hivyo uaminifu wa maneno hautoshi, na wao wenyewe wanalijua hilo. Kabla ya oda ya kwanza ya kila fungu jipya hutuma sampuli ya gramu 50 ya kila kiungo, mnunuzi akigharamia usafiri tu. Hapo ndipo pua inapopata nafasi yake, pamoja na vipimo vichache ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifanya nyumbani. Karafuu nazitia katika glasi ya maji: karafuu yenye mafuta yake huzama, au husimama wima ndani ya maji kichwa kikiwa juu, ilhali iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu ya maji kama kijiti. Iliki naipasua; mbegu ziwe nyeusi au za kahawia iliyokolea, zenye kunata kidogo kwenye vidole, na maganda yasiwe yamefunguka. Maganda yaliyofunguka hupoteza harufu njiani hata kama yalipendeza kwenye picha.

Pilipili manga ina kipimo chake, ambacho natamani kila mnunuzi wa Nairobi akijue. Wafanyabiashara wakubwa wa pilipili manga duniani huitaja kwa gramu kwa lita, na madaraja ya kawaida ni gramu 500 na gramu 550. Chukua jagi la lita moja, lijaze punje bila kuzishindilia, kisha pima uzito wa punje peke yake. Punje iliyokomaa ni nzito kwa sababu ndani yake imejaa. Iliyochumwa changa hukauka ikabaki ganda lenye mwanya. Fungu la kikundi nililolipima baada ya kupokea gunia lilinipa gramu 540. Pilipili niliyoinunua katika lile soko kubwa la mtandaoni, chini ya picha nzuri kuliko zote na maneno ya kusifu ubora wa kimataifa, ilinipa gramu 430, na nilipoimimina ndani ya maji sehemu kubwa ikaelea.

Inafaa kueleza kwa nini pilipili huchumwa changa, maana hapa ndipo mauzo ya mtandaoni yanapoweza kubadilisha mambo shambani. Kishada huwa tayari pale punje moja au mbili zinapoanza kugeuka rangi kuwa njano au nyekundu. Kusubiri hadi hapo kunamgharimu mkulima: wezi huweza kumtangulia shambani, ada ya shule haingoji, na dalali anayepita kijijini hununua kwa kilo bila kutofautisha iliyokomaa na changa. Kwa bei moja kwa zote, mwenye akili atachuma mapema. Kikundi cha Amani hukataa vishada vya kijani kitupu na hulipa zaidi kwa vilivyokomaa, na kinaweza kufanya hivyo kwa sababu kuna mnunuzi upande wa pili wa simu aliyesoma katalogi na kukubali kuilipia tofauti hiyo. Matangazo ya mtandaoni yasiyofikisha tofauti hiyo kwa mnunuzi hayamsaidii mkulima kitu. Yanamwongezea tu kazi ya kupiga picha.

Na picha ina udhaifu wake mkubwa katika biashara hii. Kamera haipigi picha harufu, inapiga rangi. Muuzaji mwenye kiungo chenye rangi kali hupata wateja wengi mtandaoni kuliko mwenye kiungo chenye harufu kali, na rangi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi. Mfano mzito ni wa manjano ya Bangladesh, ambako wasindikaji walikuwa wakiyapaka manjano kromati ya risasi, rangi ya kiwandani yenye madini ya risasi, ili yang'ae. Madini ya risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Watafiti walikuta risasi katika asilimia 47 ya sampuli za manjano za masokoni mwaka 2019, na baada ya kampeni ya umma pamoja na msako wa serikali, kufikia mwaka 2021 hawakuikuta tena. Funzo la habari hiyo lina pande mbili: kwamba udanganyifu wa rangi ni hatari kwa afya, na kwamba unaweza kukomeshwa pale wanunuzi wanapoacha kuidai rangi hiyo.

Hapa namkumbuka mkulima wa Kwale. Video zake ni za kweli mno: anaonekana aking'oa manjano, akiyaosha, akiyachemsha katika sufuria kubwa, akiyakata na kuyaanika juu ya meza zenye wavu ili yasiguse udongo. Unga wake ni wa rangi ya wastani, rangi ambayo manjano yasiyoongezwa kitu huwa nayo, na chini ya video zake watu humwandikia kwamba manjano yake ni bandia kwa kuwa hayang'ai kama yale waliyoyazoea. Inasikitisha kuona mtu akiadhibiwa kwa unyofu wake. Nilimwandikia, "Kaka, usibadilishe chochote," naye akanishukuru, na video iliyofuata alieleza kwa upole kwa nini rangi ya manjano hutofautiana. Hiyo ndiyo aina ya tangazo linalohitajika: linalomfundisha mnunuzi kuchagua.

Lawama yangu kwake ni moja, nayo si ndogo. Anauza manjano ya unga katika pakiti zisizo na lebo kamili wala alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Kiungo kizima mnunuzi anaweza kukichunguza mwenyewe. Kilichosagwa hawezi, na ndiyo sababu alama hiyo ina maana zaidi kwa unga kuliko kwa kitu kingine chochote jikoni. Alama yenyewe inaweza kuthibitishwa kwa simu ya kawaida: andika SM#, kisha namba ya kibali iliyo chini ya alama, na utume kwa 20023, utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Mkulima huyu akipata kibali hicho, nitakuwa wa kwanza kumpigia debe kwa unga wake. Kwa sasa nanunua kwake vipande vikavu vizima, ambavyo ni bora kabisa, na navisaga mwenyewe. Pilipili kali zake pia ni nzuri, kavu vizuri, zenye vikonyo, zisizo na madoa meusi ya ukungu.

Lile soko kubwa la mtandaoni sitalikalia sana. Lina mambo mawili mazuri: mzigo hufuatiliwa tangu unapotoka hadi unapofika kituo cha kuchukulia, na niliporudisha ile pilipili nyepesi pesa yangu ilirudi bila mabishano. Lakini kama mahali pa kununulia viungo, lina kasoro katika msingi wake. Nyota ambazo wateja huwapa wauzaji, ukizisoma maelezo yake, nyingi ni za upesi wa kuleta mzigo na unadhifu wa pakiti. Ni wachache wanaosema lolote kuhusu harufu. Picha ileile ya iliki nimeikuta kwa wauzaji watatu tofauti wenye bei tatu tofauti, na maelezo ya bidhaa hayana mwezi wa mavuno wala mahali ilikotoka, kwa sababu fomu ya kuweka bidhaa haiyadai. Kuongeza nafasi mbili tu kwenye fomu hiyo, ya mahali na ya mwezi, kungewapa wakulima halisi silaha dhidi ya wachuuzi wanaokopi picha.

Wapo wanaodhani kwamba sampuli ni desturi ya kizamani ambayo teknolojia itaifuta. Masoko makubwa yanaonyesha kinyume chake. Mnada wa chai wa Mombasa ulihamia mtandaoni mwaka 2020, wakati wa janga la korona, na wanunuzi siku hizi hutoa bei kwenye kompyuta. Lakini chai huonjwa kwanza kutoka kwenye sampuli zilizotumwa kwao kabla ya siku ya mnada. Huko India, ambako iliki hupigwa mnada kwa kompyuta chini ya Spices Board, bodi ya viungo ya serikali, katika vituo vya Puttady, jimbo la Kerala, na Bodinayakanur, jimbo la Tamil Nadu, mnunuzi aliyeketi mbele ya skrini huletewa sampuli ya iliki ya kila fungu aiangalie na kuinusa kabla bei haijaanza kupanda. Kama mabwana wenye mitaji mikubwa na uzoefu wa vizazi hawathubutu kununua kwa picha, sioni kwa nini mama wa South B anayenunua kilo tano atarajiwe kufanya hivyo. Kikundi cha Amani, kwa pakiti zake za gramu 50, kinafanya kwa kipimo chake kilekile kinachofanywa na masoko hayo.

Kuhusu malipo, sina malalamiko. Tangu mwaka 2015 mtu wa M-Pesa ya Kenya anaweza kumtumia pesa mtu wa M-Pesa ya Vodacom Tanzania, na kikundi hupokea kwa njia hiyo: nusu wakati wa oda, nusu nyingine baada ya kutumiwa picha ya mzigo ukiwa kwenye mizani na namba ya fungu ikionekana. Mkulima wa Kwale hutumia namba ya till, yaani namba ya M-Pesa ya biashara, jambo ambalo napendekeza kwa kila mkulima, kwa sababu jina la biashara huonekana kabla ya kuthibitisha malipo na kumbukumbu za mauzo hubaki mahali pamoja. Mnunuzi akituma pesa kwa namba isiyo sahihi hapa Kenya, aupeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo, asingoje kesho.

Safari ya mzigo ndiyo sehemu dhaifu. Kutoka Muheza gunia hupitia Tanga, huvuka mpaka Horohoro na Lungalunga, hufika Mombasa na ndipo hupanda basi la Nairobi. Kisheria mambo si magumu kama watu wanavyodhani. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 huvuka kwa utaratibu rahisi wa cheti cha asili kinachotolewa mpakani, na kwa mazao kunahitajika pia vyeti vya afya ya mimea, ambavyo kikundi huvishughulikia mapema upande wao na wakala wao upande wa Kenya. Nimewahi kupokea mzigo ukiwa na karatasi zake zote katika bahasha iliyoshonewa kwenye gunia, kwa utaratibu ambao ungezipendeza hata kampuni kubwa.

Taabu huanza baada ya mpaka, mikononi mwa wasafirishaji wa vifurushi. Mzigo mmoja wa iliki ulikaa katika ofisi ya vifurushi hapa Nairobi bila mimi kupigiwa simu, na nilipoufuatilia niliukuta umewekwa chini ya katoni za sabuni za kufulia. Iliki hunywa harufu ya jirani yake. Nilipofungua gunia, sabuni ilitangulia kunusika, na kilo zilizokuwa pembeni hazikufaa kwa chai tena. Msafirishaji alikataa kuwajibika kwa hoja kwamba gunia halikuchanika. Kikundi hakikuwa na kosa, lakini mama mwenyekiti alilichukulia kama lake: mizigo iliyofuata imekuja katika mfuko mzito wa ndani uliofungwa kwa joto, kisha gunia, na juu yake maandishi makubwa kwa wino mwekundu, "Chakula. Usiweke karibu na sabuni wala mafuta ya taa." Gharama ya mfuko huo wameigawa nusu kwa nusu na mnunuzi, na nimeona ni haki.

Usafiri huo ndio unaoamua pia kipi kinafaa kuagizwa. Iliki hutajwa kuwa kiungo cha tatu kwa ughali duniani, baada ya zafarani na vanila, kwa hiyo nauli ikigawanywa kwa kilo haiathiri sana bei yake. Ile ya Amani hunifikia kwa bei nafuu kuliko iliki ya ubora huo huo mjini, pale ninapoipata. Pilipili manga ni ya bei ya chini kwa kilo, na nauli hiyo hiyo huilemea, hivyo hunifikia ghali kidogo kuliko ya Ngara. Naendelea kuinunua kwa sababu natumia kiasi kidogo zaidi katika mchanganyiko, lakini mwenye kupika nyumbani tu anaweza kuamua vingine. Mdalasini wao sina budi kusema kwamba haujanishawishi. Harufu ni nzuri na tamu, ila magome huja mazito, hayakukwanguliwa vizuri ngozi ya nje, na baadhi yamevunjika vipande vidogo. Mdalasini ulioandaliwa kwa uangalifu hukunjamana kwa tabaka nyembamba nyingi, na kazi hiyo ya kukwangua na kukunja ni ufundi ambao kikundi bado hakijaumudu.

Karafuu zao ni nzuri, na wananieleza wazi kwamba ni za Muheza. Nalisifu hili kwa sababu mtandaoni hapa Nairobi jina la Pemba limekuwa pambo la kila karafuu. Mnunuzi akumbuke kwamba kwa miongo mingi Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ndilo lililopewa kisheria jukumu la kuwanunulia wakulima wa Unguja na Pemba karafuu zao. Ukurasa unaodai kuuza karafuu moja kwa moja kutoka mkononi mwa mkulima wa Pemba unapaswa kuulizwa maswali, na ukishindwa kuyajibu, fedha zibaki mfukoni.

Kwa wakulima wenyewe nina maneno machache, na nayasema kwa mapenzi. Bei iandikwe hadharani. Wauzaji wengi wa Nairobi huandika kwamba bei itatolewa inboksi, na mimi, kama wanunuzi wengi wenye kazi, hupita bila kuuliza. Kikundi cha Amani huiandika, na hiyo ni sababu mojawapo iliyonivuta kwao. Simu ya biashara isiwe ya mtu mmoja. Binti anayeishika simu ya kikundi alipokuwa na mitihani, duka zima lilinyamaza, na oda zangu mbili zikakosa jibu mpaka aliporudi. Mtandao mlimani huko pia ni wa kusuasua, majibu huja jioni, na mteja asiyejua hilo atadhani amepuuzwa. Sentensi moja kwenye maelezo ya akaunti, kwamba oda hujibiwa jioni, ingetosha. Akaunti yenyewe ifungwe kwa namba ya siri ya hatua mbili, maana akaunti ya WhatsApp yenye orodha ya wateja mia ikiibiwa, aliyeiba anaweza kuwaomba wateja wote pesa kwa jina la kikundi ndani ya saa moja, na jina lililojengwa kwa misimu kadhaa likaharibika kwa siku hiyo moja.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kuanza na iliki, aombe sampuli, aulize mwezi wa mavuno na namba ya fungu, na asikubali kujibiwa kwa picha. Kikundi cha Amani huhitaji oda ya kilo tano kwa jumla, viungo vyovyote vikichanganywa, kiasi ambacho ni kikubwa kwa nyumba moja lakini si kikubwa kwa majirani watatu au kwa chama cha kina mama wanaokutana kila mwezi. Oda huenda kwa pamoja, nauli hugawanywa, na kila mtu hupimiwa chake mzigo unapofika. Fungu jipya la pilipili manga wametangaza kwamba litakuwa tayari likimaliza kukauka, na sampuli yangu nimekwisha kuilipia.